Nilizisugua sarafu za baba, wewe usizisugue

Baba alifariki tarehe 27 Februari 2025. Alifanya kazi bandari ya Mwanza Kusini kwa karibu miaka thelathini, na alikuwa mtu wa kuweka vitu: misumari aliyoinyoosha mwenyewe, vipande vya kamba, risiti za miaka na miaka. Siku ya arobaini, tarehe 8 Aprili, wageni walipokwisha kuondoka na meli ya Nansio, shangazi akasema sasa sanduku lifunguliwe.

Ndani tulikuta vyeti, koti lake la kazini, bahasha ya kaki, na chini kabisa kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu. Mdogo wangu wa Igoma alilitoa kwa mikono miwili, lilikuwa zito hivyo.

Naanza na bahasha, kwa sababu ndiyo iliyotuuma kwanza. Ilikuwa na noti 62 za shilingi mia tano, zile zenye picha ya Mzee Karume zilizotoka 2010. Benki Kuu ya Tanzania (BOT) ilikuwa imetangaza kwamba noti za zamani za kati ya 1985 na 2003, pamoja na hiyo ya mia tano ya 2010, zibadilishwe kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, na baada ya hapo zisihesabiwe kuwa malipo halali. Tangazo lilipita tukiwa tunauguza, kisha tukiwa kwenye msiba. Tulichelewa siku tatu. Shilingi 31,000 si fedha ya kumfilisi mtu, lakini nililia, maana baba alikuwa amezifunga kwa mpira kwa mafungu ya kumi kumi, na fungu la mwisho lilikuwa na mbili tu. Kama umefiwa na mzee, usingoje arobaini kutazama noti. Omba ruhusa ya wakubwa, zitoe noti zipelekwe benki, mengine yasubiri. Sarafu zinaweza kungoja. Noti ina tarehe yake.

Tulipolimwaga kopo kwenye mkeka, mdogo wangu aliokota ipi? Rupia ya Mjerumani. "Dada, hii ni mali," akasema. Nadhani kila mtu wa kanda hii amesikia habari za rupia: eti ina zebaki, eti kuna wazungu wanaitafuta kwa mamilioni. Sikuamini yote, lakini niliamini kiasi cha kukosa usingizi. Nikahesabu: rupia tatu, shilingi za simba kumi na moja na nyingi zenye tundu katikati, hizo za wakati wa Mwingereza, na za Nyerere zaidi ya mia mbili. Nikawaambia ndugu zangu, bila kumwuliza mtu yeyote, kwamba kila mmoja ajiandae kupata si chini ya laki moja.

Usiku huohuo nikazisafisha. Zilikuwa nyeusi, nami nilidhani mnunuzi hataki kitu kichafu. Nikachukua majivu, nusu limau, na ule waya wa kusugulia masufuria. Rupia ya kwanza ilichukua kama dakika kumi. Weusi ulianza kutoka pembeni, chini yake pakatokea weupe mkali kama kijiko kipya, na nikafurahi. Nikaongeza nguvu usoni, pale kwenye masharubu ya yule mfalme wao Wilhelm, yaliyopinda kwenda juu, kwa kuwa uchafu ulikuwa umejificha humo. Nilipoisuuza na kuipeleka kwenye taa, masharubu hayakuwapo. Palikuwa na shavu laini na mikwaruzo myembamba ya mviringo, yote ikizunguka upande mmoja, kama chini ya sufuria. Hata hapo sikuelewa nilichofanya. Nikaendelea na ya pili na ya tatu. Ya nne ilipona kwa sababu ilikuwa imegandia chini ya kopo kwa kutu na sikuiona mpaka wiki iliyofuata.

Jumamosi nilikwenda Pasiansi kwa mwalimu mstaafu wa fizikia, rafiki wa baba, ambaye nilijua anakusanya sarafu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Neema. Poleni tena."

Nikamwekea rupia tatu mezani. Akaishika moja kwa ukingo, kwa vidole viwili, akaielekeza dirishani. Alikaa kimya muda mrefu.

"Nani amezisugua?"

"Mimi, mwalimu."

"Basi hizi sasa zitanunuliwa kwa uzito, mwanangu."

Alinieleza taratibu, hakunikaripia. Rupia ile ina gramu 11.66, na katika kila sehemu elfu, 917 ni madini ya fedha halisi, kwa hiyo mkononi una kama gramu 10.7 za fedha. Sonara atalipa hizo basi. Mkusanyaji, yeye, hulipia masharubu, pambo la kofia, herufi zisizolika, na ule weusi wenyewe, kwa sababu weusi unaokuja na miaka ndio unaoonyesha kwamba hakuna mkono ulioigusa. Ukishautoa haurudi. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye kopo la baba yake alijue kabla ya kuchemsha hata maji. Kama kuna matope, loweka kwenye maji safi, kausha kwa kugusisha kitambaa laini bila kufuta. Ishia hapo.

Kuanzia siku ile nilikwenda kwake kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Chombo cha kwanza alichonipa kilikuwa sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Aliniambia nisisome kwanza majina wala picha, nipitishe sumaku tu, niweke zinazoshika kulia na zisizoshika kushoto. Nilifanya hivyo kwa shilingi moja moja za mwenge, nikashangaa. Zote ni shilingi moja, zote zina mkono ulioshika mwenge, lakini zile za kuanzia 1966 hadi miaka ya mwanzo ya themanini zilibaki mezani, na za kuanzia 1987 ziliruka zikaganda kwenye sumaku.

Ukigeuza upande wa pili unaona sababu nusu. Za kwanza zina sura ya Mwalimu Nyerere na maneno Rais wa Kwanza. Za 1987 zina sura ya Mzee Mwinyi, aliyeingia Novemba 1985. Sababu nyingine iko ndani ya madini. Zile za mwanzo ni mchanganyiko wa shaba na nikeli mpaka katikati. Za Mwinyi ni chuma kilichovikwa nikeli juu. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 17, na kufikia 1990 ilikuwa karibu 195. Shilingi iliyoporomoka namna hiyo haiwezi kuendelea kutengenezwa kwa shaba na nikeli tupu, maana madini yenyewe yangeizidi thamani. Nimesikia watu wengi wakieleza miaka ile kwa maneno. Mimi niliielewa kwa kusikia "tap" ya shilingi ikigonga sumaku.

Ukitaka kuona badiliko hilo ndani ya sarafu moja, tafuta ya shilingi kumi yenye sura ya Nyerere. Ya 1987 hadi 1989 haishiki sumaku. Ya 1990 kwenda mbele inashika. Picha ileile, jina lilelile, tumbo tofauti. Ya shilingi tano, ile dala yetu, nayo ilibadilishwa vivyo hivyo mwaka 1990.

Fungu la 1966 ndilo ninalolipenda kuliko yote, na nasema wazi kwamba hatujapata tena sarafu nzuri hivyo. Benki Kuu ilifunguliwa 14 Juni 1966, na sarafu zake za kwanza zilikuwa nne: senti tano, senti ishirini, sumuni na shilingi. Senti tano ni ya shaba yenye rangi ya kahawia, ina pande kumi na mbili, na ina samaki. Sisi watoto wa ziwani tulibishana sana samaki yule ni nani, maana hafanani na sato wala mbofu wala chochote kinachoshuka soko la samaki la Mwaloni. Ni sulisuli, wa bahari, mwenye pezi kama tanga. Senti ishirini ni ya njano, ina mbuni. Sumuni ina sungura. Mwaka 1977 ikaongezwa senti kumi yenye pundamilia, ukingo wake umepinda kama ua. Kopo la baba lilikuwa na senti kumi tisa, na mbili kati yake ziling'aa kama zimetoka benki jana. Nilizigusa kwa vidole vya mtu anayefanya biashara ya dagaa. Baada ya wiki mbili alama ya kidole changu ilikuwa imeota juu ya pundamilia, kahawia, na iko pale mpaka leo. Chumvi na mafuta ya dagaa havikuonekana nilipoishika. Osha mikono, kausha, shika ukingo.

Zile za simba ndizo zilizonifanya nirudi kwa ndugu zangu na kuomba radhi. Nilikuwa nimewaambia zote kumi na moja ni fedha. Mwalimu alinifundisha kusoma mwaka: shilingi za Afrika Mashariki za kuanzia 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha, na kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, hakuna fedha hata chembe. Simba ni yuleyule na milima nyuma yake ni ileile. Mwaka ukiwa umefutika, tazama upande wa mfalme: zenye maneno IND IMP ni za wakati alipojiita mtawala wa India, na India ilijitawala 1947, kwa hiyo maneno hayo yakaondolewa. Katika kumi na moja zangu, tatu tu zilikuwa na fedha, mbili za 1922 na moja ya 1942. Nyingine nane zilikuwa za 1948, 1949, 1950 na 1952. Nilimpigia simu mdogo wangu nikamwambia hesabu ya laki laki isahauliwe. Hakusema neno kwa muda, kisha akasema, "Sawa, dada." Najua alikuwa amekwisha kuipangia ada ya mtoto.

Kati ya zenye tundu palikuwa na senti kumi mbili zenye mkwaruzo wa kutu kuzunguka tundu. Shangazi alizitambua mara moja. Baba aliezeka banda la mbuzi kule Ukerewe akakosa washa za kuweka chini ya misumari, akatumia senti. Moja ni ya 1936 na ina jina la Edward wa Nane, mfalme aliyekaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja, akaacha ufalme Desemba hiyohiyo. Kwao Uingereza sarafu za jina lake hazikuingia mtaani. Huku kwetu ziliingia, kwa kuwa zenye tundu hazikuwa na picha ya uso, jina tu na zile pembe za ndovu. Sarafu hii si ya bei kubwa, ziko nyingi. Lakini ilishikilia bati la banda la mbuzi, na singeiuza.

Sasa kosa kubwa. Hili linanipa uzito kuliko kusugua, kwa sababu nilipokuwa nasugua sikuwa najua kitu, na hapa tayari nilikuwa nimejua nusu.

Mwalimu alinisimulia habari za Tabora. Mwaka 1916, katika vita, Waingereza walikuwa wameziba njia ya bahari na Wajerumani hawakuweza kupata sarafu kutoka kwao. Wakazipiga wenyewe katika karakana ya reli Tabora: heller ishirini na heller tano za shaba, nyingine kutoka kwenye maganda ya risasi za mizinga, na za dhahabu za rupia kumi na tano zenye tembo mbele ya mlima. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilipigwa kama elfu kumi na sita tu kabla Wabelgiji hawajauchukua mji Septemba ile. Neno hela tunalolitumia kila siku ni hiyo heller. Nilirudi nyumbani kichwa kikiwa kimejaa tembo.

Haikupita wiki tatu, kijana mmoja mwenye adabu nyingi alinikuta kibanda cha chai njia ya Nyegezi. Alikuwa amesikia kwamba mama wa dagaa anatafuta sarafu. Akafungua leso. Tembo, mlima, 1916. Alitaka laki sita, akasema bibi yake yu hospitali Tabora. Nilitoa sumaku yangu mbele yake kama mtaalamu. Haikushika. Moyo wangu ukapiga kwa nguvu. Nililipa 380,000 kutoka mtaji wa dagaa, fedha ambazo kesho yake nilitakiwa kumpa mvuvi wa kisiwani. Sikumwambia mume wangu wala mwalimu.

Sonara mjini aliiweka kwenye mizani kabla hata hajatoa jiwe lake la kupimia dhahabu. Gramu 4.3. Halisi ina gramu 7.17. Kisha akanionyesha kwa lenzi ukingoni mstari mwembamba uliozunguka pande zote, mshono wa kalibu. Sarafu ya kweli hupigwa kwa nyundo ya mashine, haimiminwi, kwa hiyo haina mshono. Ilikuwa shaba ya njano, na shaba ya njano haishikwi na sumaku, kama vile dhahabu isivyoshikwa. Kifaa changu kilinijibu swali nililouliza, ila nililouliza silo. Mizani ndiyo ingeniambia: dhahabu ni nzito karibu mara mbili ya shaba kwa ukubwa uleule.

Nilikaa kwenye ngazi za duka lile mpaka jua likaanza kuchoma. Mume wangu nilimwambia siku nne baadaye. Hakugombana nami. Aliuza simu yake akamlipa mvuvi, na hilo lilinichoma kuliko kama angegombana.

Kwa hiyo nakuambia kama ningemwambia dada yangu wa damu. Kabla ya kununua, uwe na mizani inayopima sehemu za gramu. Yangu ilinigharimu 28,000, lenzi 6,000. Jua uzito wa sarafu unayoitaka kabla hujakutana na muuzaji. Tazama ukingo kabla ya uso. Usinunue siku ileile, hata akikuambia mgonjwa yu kitandani. Sarafu iliyongoja tangu 1916 itangoja mpaka Jumatatu. Na usinunue kwa fedha yenye kazi nyingine.

Mauzo yenyewe yalikuwa ya kawaida. Rupia mbili kati ya zile nilizosugua zilikwenda kwa sonara, 22,000 kila moja. Ile ya nne, iliyopona chini ya kopo, mwalimu aliniunganisha na mkusanyaji wa Dar es Salaam aliyekuja Mwanza kwa kazi zake, akalipa 120,000 bila kubishana sana. Aliishika kwa ukingo, akacheka kwa furaha alipoona weusi wake. Fedha zote tuligawana sawa. Moja iliyosuguliwa nimeibakiza ili nikumbuke.

Zilizobaki nimeziweka kwenye bahasha ndogo za karatasi, si za plastiki laini. Zile za plastiki zilifanya shaba iote ukijani ndani ya masika moja, na hapa karibu na ziwa unyevu hauhitaji mwaliko. Kila bahasha ina mwaka, madini na uzito kwa kalamu ya risasi, maana wino hupenya.

Neema, binti yangu wa darasa la sita, ndiye anayeandika. Yeye alianza na zile tunazotumia sasa, na nadhani aliona mbali kuliko mimi, kwa kuwa hizi zinaweza kupatikana zikiwa safi bila gharama. Hamsini ya 1996 ina kifaru na mwanawe, na pande saba. Mia ina Nyerere na swala wanne. Zote mbili za njano, na zote mbili zinashika sumaku, kwa sababu njano ile ni ya juu tu, ndani ni chuma. Mia tano ya 2014 ina Karume na nyati. Ni chuma na nikeli, gramu 9.5, na ukiigeuzageuza kwenye mwanga utaona 500 ikipotea na BOT ikitokea palepale. Ndiyo iliyokuja kuchukua nafasi ya zile noti za bahasha ya babu yake.

Kila jioni nikirudi kutoka Mwaloni humwaga chenji zangu kwenye trei. Juzi akaokota mia mbili ya 1998, akaipitishia sumaku mara mbili, akanipa mia mbili nyingine badala yake ili hesabu isipungue. Kwenye bahasha ameandika: 200, 1998, Karume, simba wawili, shaba na nikeli na zinki, haishiki, haijasuguliwa.